Burkitt, daktari wa jicho moja aliyeichora ramani ya saratani ya taya

KATIKA wodi za saratani za Afrika Mashariki, jina la Burkitt hutajwa karibu kila siku, ingawa wengi wanaolitaja hawamjui mwenyewe. Mzazi huambiwa kwamba mwanawe ana limfoma ya Burkitt, naye hudhani hilo ni neno la kitaalamu kama mengine yanayoandikwa kwenye faili za hospitali. Kumbe Burkitt alikuwa mtu. Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyebaki na jicho moja tangu utotoni na kufanya kazi nchini Uganda kwa miaka ipatayo 20.

Denis Parsons Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Maisha yake ya kitaaluma yaligawanyika mara mbili. Katika sehemu ya kwanza alishughulikia uvimbe uliofumua mataya ya watoto na kuwaua katika muda wa majuma machache. Katika sehemu ya pili alihubiri ulimwenguni kote juu ya chakula, hasa nyuzinyuzi za nafaka, kunde, mboga na matunda.

Sehemu hizo mbili hukutana katika kinywa cha mgonjwa wa saratani ya taya, ulimi au koo, ambaye hupungua uzito siku baada ya siku kwa sababu njia ya chakula ndiyo hiyo hiyo iliyoshambuliwa na maradhi. Kwa jamaa wa Likoni, Kisauni au Changamwe wanaomuuguza mgonjwa wa aina hii, maisha ya Burkitt yana funzo kubwa, na pia yana jambo moja ambalo likifahamika vibaya laweza kumdhuru mgonjwa.

Mwana wa mchora ramani

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Wakati wake wa mapumziko aliutumia kuwachunguza ndege. Aliwafunga vipete miguuni, kisha akachora kwenye ramani mipaka ya eneo la kila ndege. Wataalamu wa ndege wanamkumbuka hadi leo kwa kazi hiyo. Mwanawe alirithi tabia ya kuuliza si tu kitu gani kipo, bali kipo wapi na hakipo wapi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa wavulana wa shule, akapoteza jicho la kulia. Aliishi na jicho la kioo tangu siku hiyo. Mwaka wa 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini kabla ya muda mrefu kupita akahamia udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata shahada ya juu ya upasuaji mjini Edinburgh. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, na aliiona kazi ya tiba kuwa wito wa kuwatumikia watu.

Afrika haikuwa ngeni katika ukoo wake. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mashuhuri mjini Nairobi. Hata hivyo, Denis alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Uingereza, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia njia. Alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi mwaka wa 1941, na baadaye akatumwa Kenya, Somalia na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka wa 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, nao wakajaliwa mabinti watatu.

Vita vilipokwisha aliomba tena, na mara hii akakubaliwa. Mwaka wa 1946 alipelekwa Uganda. Enzi hizo lango la Uganda lilikuwa Mombasa. Meli zilitia nanga Kilindini, nalo garimoshi likavuka Makupa, likapita Changamwe na kupanda bara kuelekea Nairobi hadi Kampala.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha, maradhi ambayo watu wa Pwani wanayajua vyema. Aligundua kwamba wagonjwa wengi walitoka upande mmoja wa wilaya, ilhali upande wa pili ulikuwa na wachache mno. Baadaye ilifahamika kwamba tofauti hiyo ilitokana na minyoo inayoenezwa na mbu. Aliandika matokeo hayo katika jarida la kitabibu. Hakujua kwamba alikuwa akifanya mazoezi ya kazi kubwa zaidi.

Mtoto wa Mulago na mtoto wa Jinja

Mwaka wa 1948 Burkitt alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka wa 1957 aliitwa katika wodi ya watoto na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepoteza umbo lake. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Maambukizi ya kawaida ya mfupa hayashambulii pembe nne kwa pamoja, na saratani aliyoijua haikuenea kwa namna hiyo.

Majuma machache baadaye alikuwa akizuru wagonjwa katika hospitali ya Jinja. Alipotupa jicho dirishani, alimwona mtoto ameketi nje kwenye nyasi pamoja na mamake, uso wake umevimba vilevile. Alitoka kumpima. Mbali na taya, msichana huyo alikuwa na uvimbe tumboni.

Kisa kimoja kingeweza kuwa ajabu tu, lakini visa viwili vilimfanya Burkitt afungue kumbukumbu za hospitali. Alikuta watoto wengi waliokufa kwa uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo, wa ovari na wa sehemu nyingine. Kila uvimbe ulikuwa umepewa jina lake na daktari wake, kana kwamba ni maradhi mbalimbali. Yeye akaona ni ugonjwa mmoja wenye nyuso nyingi. Mwaka wa 1958 alichapisha makala yake ya kwanza kuuhusu katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wataalamu wa Kampala waliochunguza vipande vya uvimbe huo walithibitisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga za mwili.

Inafaa kumkumbuka Trowell, daktari aliyemwita Burkitt siku ile. Alikuwa ameishi Kenya na Uganda tangu mwaka wa 1929, na kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa utapiamlo wa watoto. Mwaka wa 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu juu ya kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaokosa lishe bora hata wakavimba miguu na kubadilika rangi ya nywele. Kwa hivyo mtoto wa kwanza mwenye uvimbe wa taya aliyemfikia Burkitt alitoka katika wodi ya bingwa wa njaa. Wodi za namna hiyo ziliwakutanisha maadui wawili, uvimbe na njaa, na mmoja alimsaidia mwenzake.

Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazompata binadamu. Seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akila ugali juma hili hushindwa kutafuna juma lijalo, na la tatu humkuta akigeuza uso kijiko kinapomkaribia. Ikiwa uvimbe uko tumboni pia, hujisikia ameshiba ilhali hajala kitu.

Safari ya maili 10,000

Burkitt alitaka kujua uvimbe huo unapatikana wapi. Alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa na kuzituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiwauliza madaktari kama wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Majibu yalipofika, alichomeka pini kwenye ramani aliyoitundika ukutani. Pini hizo zilifanya mkanda mpana uliopita katikati ya bara, na mkia mrefu ulioshuka kusini kandokando ya pwani ya Msumbiji.

Mwezi wa Oktoba 1961 alianza safari ya kutafuta mpaka wa mkanda huo. Alifuatana na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford la mwaka wa 1954. Kwa majuma kumi walisafiri takriban maili 10,000, yaani kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Walizuru hospitali zaidi ya 50, wakiwaonyesha madaktari picha na kuwauliza swali lile lile.

Jibu lilikuwa la kushangaza. Karibu na ikweta, uvimbe haukuonekana katika nyanda za juu zinazozidi futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Haukuonekana pia katika maeneo makavu. Ulihitaji joto na mvua. Hapa Kenya, nyanda za juu zilikuwa karibu salama, lakini kandokando ya Ziwa Viktoria na katika ukanda wa Pwani watoto walipatikana na uvimbe huo. Mombasa na vitongoji vyake vya bara vilikuwa ndani ya mkanda.

Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na mbu mjini Entebbe, alitambua kwamba ramani hiyo ilifanana na ramani ya wadudu wanaohitaji joto na unyevu. Wazo hilo liliwafikisha watafiti kwenye malaria. Leo inajulikana kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huisumbua kinga yake, na kuipa saratani hiyo nafasi ya kuchipuka. Katika sehemu ambako malaria ilidhibitiwa, uvimbe ulipungua pia. Chandarua kwenye kitanda cha mtoto wa Kisauni kina kazi kubwa kuliko tunavyodhani.

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye papo hapo alihisi huenda kuna virusi nyuma ya ugonjwa huo. Burkitt alikubali kumpelekea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kupata virusi vipya ndani ya seli hizo. Virusi vya Epstein-Barr vilikuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Baadaye viligunduliwa pia katika saratani ya nyuma ya pua, ambayo ni mojawapo ya saratani za kichwa na shingo zinazopatikana Kenya.

Uvimbe uliotoweka, kinywa kilichobaki na vidonda

Burkitt alikuwa daktari wa kisu, lakini alikiri mapema kwamba kisu hakingefaa. Kukata taya la mtoto kulimharibu uso bila kumponya. Nayo Mulago haikuwa na mashine ya mionzi wakati huo. Wataalamu wa hospitali ya Sloan-Kettering ya New York, wakiongozwa na Joseph Burchenal, waliposikia habari zake walimletea dawa mpya iitwayo methotrekseti. Baadaye alitumia nyingine, zikiwemo siklofosfamidi na vinkristini.

Matokeo yalimstaajabisha. Burkitt alipenda kupiga picha, na picha zake za kabla na baada ya dawa zilizunguka dunia. Uso uliokuwa umevimba kama boga ulirudia umbo lake katika muda wa majuma mawili hivi, wakati mwingine kwa dozi chache tu. Si wote waliopona, kwa maana wengi walirudiwa na ugonjwa. Hata hivyo, baadhi yao waliishi miaka mingi. Hiyo ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza dunia kuona saratani ikiponywa kwa dawa pekee. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kilianzishwa Mulago, ambacho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Lakini dawa hizo zina gharama yake mwilini. Huua seli zinazozaliana haraka, na ngozi laini ya ndani ya kinywa na utumbo ni mojawapo. Mgonjwa hupata vidonda mdomoni, kichefuchefu na kuharisha. Mtoto aliyekuwa hali kwa sababu ya uvimbe huendelea kutokula kwa sababu ya tiba. Aliyedhoofika kwa njaa huzistahimili dawa vibaya zaidi, huambukizwa maradhi mengine kwa urahisi, na wakati mwingine matibabu husimamishwa kabla ya kukamilika. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye limfoma ya Burkitt hupona siku hizi. Afrika idadi hiyo ni ndogo zaidi. Kuchelewa kufika hospitalini na kuacha matibabu katikati ni sababu kubwa, na utapiamlo ni nyingine.

Mulago hiyo hiyo ilikuwa na somo jingine. Mwaka wa 1965 kilianzishwa hapo kituo cha lishe cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya. Akina mama walikaa na watoto wao na kufundishwa kupika kwa vyakula vya kwao wenyewe, wakichanganya ndizi au viazi na maharagwe, njugu, samaki au maziwa. Chakula kilihesabiwa kuwa dawa.

Kutoka uvimbe hadi sahani

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966 na kufanya kazi na Baraza la Utafiti wa Tiba mjini London. Huko alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyeamini kwamba maradhi mengi ya Ulaya yalitokana na sukari na unga mweupe uliokobolewa. Burkitt alikumbuka wodi za Mulago. Katika miaka ile yote hakuona ila wagonjwa wachache sana wa saratani ya utumbo mpana, wa kidole tumbo, wa bawasiri au wa funga choo sugu, ilhali hospitali za Uingereza zilijaa watu hao.

Alirudia mbinu yake ya zamani. Alituma maswali katika hospitali nyingi za Afrika na Asia, na pamoja na wenzake akapima mambo ambayo madaktari wengine waliona haya kuyataja. Mwaka wa 1972 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa takriban saa 36, naye alitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku. Kwa vijana wa jeshi la majini la Uingereza kilichukua zaidi ya saa 80, na choo chao kilikuwa gramu 100 hivi. Burkitt aliona kwamba tofauti iko kwenye nyuzinyuzi. Mwaka wa 1975 yeye na Trowell, mwenzake wa siku ile ya Mulago, walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi, na mwaka wa 1979 kitabu chake cha watu wa kawaida kikasomwa katika nchi nyingi.

Si madai yake yote yaliyothibitishwa, na baadhi ya wataalamu walimlaumu kwa kubebesha nyuzinyuzi mzigo wa maradhi mengi mno. Hata hivyo, kiini cha hoja yake kimesimama. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Kinga si tiba

Hapa ndipo jina la Burkitt linapoweza kutumiwa vibaya. Ushauri wake ulikuwa wa kuwakinga watu wazima wenye afya wasiugue. Haukuwa ushauri wa kumlisha mtu ambaye koo lake linachomwa na mionzi. Siku hizi jamaa wengi husikia kwamba sukari na wanga huilisha saratani, wakaamua kumnyima mgonjwa uji, maziwa na nyama, na kumwekea bakuli la mboga mbichi na juisi chungu. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini saratani haifi njaa kabla ya mwenyewe. Chakula kikikosekana, mwili huvunja misuli yake ili upate nguvu, na uvimbe hujipatia mahitaji yake kutoka humo humo.

Saratani za kichwa na shingo kwa watu wazima, yaani za kinywa, ulimi, koo, zoloto na nyuma ya pua, hutibiwa kwa upasuaji, mionzi, dawa au mchanganyiko wa hayo. Tumbaku na pombe ni visababishi vikuu, na Pwani hatuwezi kuisahau tambuu yenye popoo na tumbaku. Tiba ya mionzi kwa kawaida huchukua majuma sita au saba. Kufikia juma la pili au la tatu kinywa huanza kuwaka, mate hukauka, ladha hupotea, na taya laweza kukaza. Wengi wanaofika mwanzo wa tiba tayari wamekonda, na hukonda zaidi kabla haijakwisha.

Ndiyo maana mizani ina umuhimu kama ule wa mashine. Mgonjwa apimwe uzito angalau mara moja kwa juma. Aliyekuwa na kilo 70 akipoteza kilo saba katika muda wa miezi sita, au zaidi ya kilo tatu na nusu kwa mwezi mmoja, asisubiri siku yake ya kliniki ifike. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani hupendekeza takriban kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini ya gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo pale inapowezekana. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni protini ya gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu sita hivi na gilasi ya maziwa nane, kwa hivyo kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate hakiwezi kumfikisha.

Jiko la Pwani lina vyakula vinavyomfaa mgonjwa huyu kuliko inavyodhaniwa. Bokoboko lililopondwa vizuri likalainishwa kwa samli humezeka bila kutafunwa na lina nyama ndani yake. Uji wa mchele au wa wimbi ukipikwa kwa maziwa au tui zito, ukatiwa njugu zilizosagwa laini, hubeba nguvu maradufu katika kikombe kile kile. Pojo zilizochemshwa hadi zikavurugika, ndizi za kupika kwa tui, samaki aliyetolewa miiba akavurugwa katika mchuzi usio na pilipili, yai lililoiva vizuri, parachichi lililopondwa na maziwa, vyote vyafaa. Ndimu, ukwaju, pilipili na achari huchoma vidonda. Chakula kiwe vuguvugu, kidogo kidogo, mara sita au zaidi kwa siku, badala ya sahani tatu kubwa zinazomtisha kabla hajaanza. Mwenye kisukari aelekezwe na daktari wake kuhusu kiasi.

Safari nayo ihesabiwe. Anayevuka kwa feri kutoka Likoni, au anayetoka Kisauni na Changamwe asubuhi kwenda kliniki kisiwani, hupoteza nusu siku barabarani na kwenye foleni. Chupa ya uji mzito mkobani humwokoa asirudi jioni akiwa hajatia kitu mdomoni. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa Pwani waliohitaji mionzi walilazimika kwenda Nairobi na kukaa huko majuma mengi, na mpango wa chakula ulikuwa jambo la mwisho kufikiriwa wakati ulipaswa kuwa la kwanza.

Kuna mambo mawili yanayozua ubishi nyumbani. La kwanza ni mpira wa kulishia unaopitishwa puani au tumboni. Wengi huuona kama dalili ya kukata tamaa. Mara nyingi ni kinyume chake, kwa maana humwezesha mgonjwa kumaliza tiba yake, na kwa wengi huondolewa baadaye. Hata hivyo, anayeweza kumeza salama aendelee kumeza ili misuli ya koo isisahau kazi yake. Anayekohoa kila anapokunywa amwambie daktari mara moja, kwani huenda chakula kinaingia mapafuni. Aliyekaa siku nyingi bila kula alishwe taratibu chini ya uangalizi wa hospitali, kwa sababu chakula kingi cha ghafla kinaweza kumdhuru.

La pili ni mwezi wa Ramadhani. Wapo wazee wanaoona haya kula mchana hata wakiwa katikati ya tiba. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na jamaa wanaweza kumkumbusha kwa upole kwamba ruhusa hiyo ni ya watu kama yeye.

Tiba ikikwisha, vidonda vikapona na uzito ukarudi, ndipo mboga za majani, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa zinapopata tena nafasi yake kwenye sahani. Hapo ushauri wa Burkitt huwa mahali pake.

Miaka ya mwisho

Mwaka wa 1972 Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo akatunukiwa tuzo ya Lasker nchini Marekani. Aliendelea kusafiri na kuhutubu akiwa mzee, huku akijieleza kuwa daktari wa kawaida aliyebahatika kuona mambo yaliyokuwa mbele ya macho ya watu wote. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 katika mji wa Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82, na akazikwa katika kijiji cha Bisley.

Madaktari wa wakati wake walikuwa na maabara bora kuliko yake, na takriban wote walikuwa na macho mawili. Yeye aliuliza maswali ambayo hayakuhitaji mashine: mgonjwa ametoka wapi, na anakula nini. Katika nyumba ya mgonjwa wa saratani ya kinywa au koo, swali hilo la pili linastahili kuulizwa kila jioni: leo amekula nini, na juma hili mizani imesema nini?